Zilipendwa au Zinapendwa? Fanki na Roki ya Awali katika Masikio ya Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Neno "zilipendwa" limezoeleka kiasi kwamba ni nadra kwa msemaji kusita na kulitafakari. Nchini Tanzania hutumika kama nomino: bendi hupiga zilipendwa, redio huwa na kipindi cha zilipendwa, na mtu mzima huombwa radhi na vijana anapozidaka zilipendwa zake ukumbini. Kisarufi, hata hivyo, neno hili ni sentensi iliyokamilika. Lina kiambishi cha ngeli zi-, kinachosimamia nyimbo. Lina kiambishi cha njeo -li-, kinachoonyesha wakati uliopita. Lina mzizi -pend- na kauli ya kutendwa. Nyimbo hizo zilipendwa. Jambo limekwisha. Wakenya wao husema "zilizopendwa", yaani wameongeza kirejeshi, lakini njeo haikubadilika: mapenzi yenyewe yamewekwa nyuma ya msemaji.

Makala haya yanahoji njeo hiyo. Yanafanya hivyo kwa kutazama mahali ambapo historia za muziki wa Afrika hupataja mara chache sana, yaani Fizi na Baraka, katika jimbo la Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Muziki tunaoushughulikia ni ule uliotoka Marekani kati ya miaka ya 1950 na 1970: roki ya awali, kisha souli, kisha fanki, pamoja na muziki wa Kiafrika uliozaliwa kwa kukutana nao. Katika miaka ya karibuni muziki huu umerudi kwa kishindo. Makampuni ya Ulaya yanatoa upya santuri za zamani, vijana wanazisikiliza katika simu zao, na husemwa kwamba muziki huo "umegunduliwa upya". Hoja yetu ni kwamba, kwa wasikilizaji wa pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, hakuna kilichogunduliwa. Mapenzi hayakufa. Kilichovunjika ni vyombo vya kusikilizia, na vilivunjwa na siasa na vita. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu anayegundua huwa mwenye mali, ilhali anayekumbuka hudai tu alichonyang'anywa.

Sina budi kukiri tangu mwanzo kwamba jambo hili linanigusa. Baba yangu alikuwa na sanduku la mbao lenye santuri ndogo, na gramafoni ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli kwa kuwa kifuniko chake kilikuwa kimekatika. Tulipoondoka Baraka mwaka 1996 tulibeba sufuria, blanketi na unga. Sanduku lilibaki chini ya kitanda. Yanayofuata ni jaribio la kueleza kwa nini lilikuwapo pale, na nini kilipotea lilipopotea.

2. Pwani yenye masikio mawili

Mji wa Fizi umekaa juu milimani. Baraka iko chini, ufukoni, ndani ya ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Wabembe ndio wengi katika eneo hilo, wakiishi pamoja na Wabwari na jamaa nyingine kadhaa. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara iliyokuwa ikivuka ziwa kutoka Ujiji kuelekea Manyema. Richard Burton na John Speke walipita Ubwari mwaka 1858 wakiwa safarini kuelekea Uvira, na mitumbwi waliyoitumia ilikuwa ikifuata njia ambazo wenyeji walizijua zamani. Kwa hiyo ziwa halikuwa mpaka. Lilikuwa njia kuu, na lugha ya njia hiyo ilikuwa Kiswahili.

Wakoloni waliimarisha njia hiyo bila kukusudia kuwaunganisha watu. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Upande wa pili, reli ya Wabelgiji ilifika Kalemie, iliyoitwa Albertville wakati huo, mwaka 1915. Tangu hapo ufuko wa magharibi ulikuwa na milango miwili. Mmoja ulifunguka upande wa Kongo, kwa reli na mto hadi Kisangani na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Mwingine ulifunguka upande wa mashariki, hadi Kigoma, Tabora, Dar es Salaam na Nairobi. Nguo na chumvi zilipita katika milango hiyo, na muziki pia.

Redio ilipokuja, milango hiyo ikawa masikio. Mawimbi ya redio hayaulizi pasipoti. Msikilizaji wa ufukoni aliyekuwa na redio ya betri aliweza kugeuza kitufe kidogo tu akatoka katika Kilingala cha Kinshasa na kuingia katika Kiswahili cha Dar es Salaam. Ni vigumu kuwaza mahali pengine ambapo tamaduni mbili kubwa za muziki wa dansi zilikutana katika chumba kimoja kwa usawa namna hiyo. Mwanahistoria anayeketi Kinshasa huona Kinshasa tu. Anayeketi Dar es Salaam huona Dar es Salaam tu. Anayeketi Baraka hulazimika kuona zote mbili.

3. Roki na rumba: undugu wa mapigo

Mara nyingi roki huelezwa kama muziki wa Wamarekani weupe wenye magitaa. Maelezo hayo yanapotosha. Chuck Berry na Little Richard, waliotamba kuanzia mwaka 1955, walikuwa Wamarekani weusi, na mitindo waliyoitumia ilitoka katika muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwaka huohuo wa 1955 Bo Diddley alirekodi wimbo wenye jina lake mwenyewe. Mdundo wake una mapigo matano: matatu kwanza, kisha mawili. Mdundo huohuo ndio uti wa mgongo wa muziki wa Kuba unaoitwa soni, na Wakuba huupiga kwa vijiti viwili vya mbao.

Muziki wa Kuba nao ulijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wakiwamo wengi wa bonde la chini la mto Kongo. Huko New Orleans, mji uliozaa sehemu kubwa ya midundo ya roki na baadaye ya fanki, uwanja ambao watumwa walikutana siku za Jumapili kucheza ngoma zao unaitwa hadi leo Congo Square. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri za Kikuba zilizojulikana kwa herufi GV. Wanamuziki wa Léopoldville walizisikiliza, wakazitambua, wakazijibu. Jibu hilo ndilo rumba ya Kongo: Wendo Kolosoy na wenzake katika miaka ya 1940, African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956. Mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Hapa yafaa tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema kwamba roki na fanki ziliporudi Kongo zilikuwa "mtoto aliyerejea nyumbani". Kwa watu wa mdomo wa mto Kongo usemi huo una ukweli ndani yake. Kwa watu wa Fizi hauna ukweli kamili. Waliotekwa kandokando ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19 walipelekwa zaidi upande wa mashariki, kwa njia ya Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo na Unguja. Hawakupanda merikebu za Atlantiki. Basi mdundo huu ulipofika Baraka haukuwa mwana aliyepotea. Ulikuwa mgeni aliyebisha hodi akiwa na lafudhi ya jamaa. Mwenyeji alimfahamu nusu, na nusu ile nyingine akaisikiliza kwa makini. Pengine hiyo ndiyo sababu alimpenda bila kulazimika kumdai.

Upande wa mashariki mgeni huyo alikuwa amekwisha kufika kwa jina jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Nairobi ilipatwa na homa ya twisti. Chubby Checker alikuwa ameivumisha twisti Marekani mwaka 1960. Daudi Kabaka, John Nzenze na wenzao wakalichukua jina hilo, lakini mdundo wao ulikuwa karibu zaidi na kwela ya Afrika Kusini, na magitaa yao yalikuwa yamejifunza mengi kutoka kwa Wakongo. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952, na Edouard Masengo, wote wawili waimbaji wa Kiswahili kutoka Katanga, walikuwa wamekwisha kupiga Nairobi na kusikilizwa huko. Kwa hiyo Mkongo wa ufukoni aliyesikia twisti ya Nairobi katika miaka ya 1960 alisikia roki iliyopita mikononi mwa jamaa zake mwenyewe kabla ya kuvuka ziwa kurudi.

4. Souli mbele ya mamlaka tatu

Mwaka 1965 wageni wa aina nyingine walivuka ziwa. Mwezi Aprili Ernesto Che Guevara alifika ufukoni mwa Fizi kutoka Kigoma, akiongoza kikosi cha Wakuba waliokuja kuwasaidia waasi dhidi ya serikali ya Léopoldville. Walijipa majina ya siri kwa tarakimu za Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, Che mwenyewe akawa Tatu. Ni jambo la kutafakari kwamba watu wa nchi iliyotunza mdundo wa Kongo kwa karne kadhaa walikuja kuhesabiana kwa Kiswahili katika milima ya Wabembe. Uasi haukufaulu. Kabla mwaka haujaisha Baraka na Fizi zilikuwa zimerudi mikononi mwa jeshi la serikali na askari wa kukodiwa, na Wakuba walikuwa wameondoka. Lakini mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila aliunda chama cha PRP, kilichoendelea kushika sehemu ya milima hiyo kwa miaka mingi.

Hivyo, katika miaka ambayo souli na fanki zilienea duniani, watu wa eneo hili waliishi chini ya kivuli cha mamlaka tatu, na kila moja ilikuwa na rai yake juu ya nini kinafaa kusikilizwa au kuvaliwa.

Mamlaka ya kwanza ilikuwa ng'ambo. Tarehe 1 Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza kutekeleza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwezi Novemba mwaka huohuo viongozi wa mkoa walipiga marufuku muziki wa souli katika Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu maadili ya vijana na utamaduni wa taifa. Hoja hiyo ilikuwa na ugumu wake, na wasomaji wa magazeti ya wakati ule waliuona: James Brown alikuwa mwaka 1968 ameimba waziwazi juu ya fahari ya kuwa mweusi. Vipi muziki wa fahari hiyo uwe adui wa nchi iliyopigania ukombozi wa Waafrika?

Mamlaka ya pili ilikuwa Kinshasa. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire na kutangaza siasa ya uhalisi. Suti na tai zikaachwa, majina ya Kikristo yakafutwa mwaka 1972. Mtu angetarajia kwamba siasa hiyo ingeifungia mlango souli kama ilivyofanywa Dar es Salaam. Kinyume chake kilitokea. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 Kinshasa ilipokea tamasha la Zaire 74, lililoandaliwa na Hugh Masekela na Stewart Levine ili litangulie pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alijeruhiwa mazoezini, pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba, lakini tamasha liliendelea. James Brown, B. B. King na Bill Withers walipanda jukwaa lilelile walilopanda Franco, Tabu Ley, Abeti Masikini, Miriam Makeba na Celia Cruz. Uhalisi ulimkaribisha James Brown kama ndugu. Ujamaa ulikuwa umemfukuza kama mgeni. Serikali zote mbili zilidai kusema kwa niaba ya Afrika.

Mamlaka ya tatu ilikuwa milimani, na haikuwa na kituo cha redio wala uwanja wa michezo. Kwa waliokuwa chini yake, santuri na betri zilikuwa bidhaa za kuvushwa ziwani, sawa na dawa na sabuni. Kwa upande wake, Zaire iliiona Fizi kama eneo la waasi, na eneo la waasi halijengewi ukumbi wa dansi. Tunapouliza kwa nini Fizi haimo katika historia ya muziki wa Zaire, jibu la kwanza si kwamba watu wake hawakupenda muziki. Jibu ni kwamba dola haikuwa na haja ya kuwasikia wakipenda chochote.

5. Jinsi fanki ilivyojifunza lugha zetu

Je, ni kitu gani katika fanki kilichowavuta wasikilizaji wa Kongo? Tuseme machache kuhusu muundo wake. Katika nyimbo zake za kati ya mwaka 1965 na 1967 James Brown aliuhamishia uzito wa mdundo kwenye pigo la kwanza. Kisha akakifanya kila chombo kuwa ngoma: gitaa hukwaruza kipande kifupi kisichobadilika, besi hujibu kwa kipande chake, tarumbeta hupiga mara moja na kunyamaza. Hakuna chombo kinachobeba wimbo peke yake. Wimbo upo katika kufungamana kwao.

Msikilizaji wa rumba aliyajua hayo kabla hajaambiwa. Wimbo wa rumba una sehemu mbili: ya kwanza ni ya kuimba kwa utulivu, ya pili ni sebene, ambamo magitaa mawili au matatu hurudia vipande vifupi vinavyoshikana kama vidole vya mikono miwili, na wachezaji huachiwa uwanja. Fanki ilikuwa kama wimbo ulioanzia kwenye sebene. Ndiyo maana haikuwashinda wanamuziki wa Zaire kuichukua.

Verckys Kiamuangana Mateta, mpiga saksafoni aliyeiacha OK Jazz na kuunda Orchestre Vévé mwaka 1969, alikuwa miongoni mwa walioichukua mapema. Kutoka kwake walijitenga Matadidi, Djeskin na Sinatra, walioungana mwaka 1972 na kuunganisha herufi za majina yao wakaitwa Trio Madjesi. Mavazi yao ya kumetameta na miguu yao iliyoteleza jukwaani ilimkumbusha kila mtazamaji James Brown. Vijana wa Zaïko Langa Langa, iliyoanzishwa Desemba 1969, walifanya jambo jingine: walizitupa tarumbeta, wakaipa ngoma na magitaa kazi yote, na kuirefusha sebene. Hawakuiga sauti ya fanki. Walichukua kanuni yake.

Upande wa mashariki kulikuwa na Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ambamo wanamuziki wa Tanzania na Zaire walichanganya fanki, roki na ngoma za asili na kuuita muziki wao Kitoto. Santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitolewa mwaka 1976. Inafaa ikumbukwe kwamba mji uliowalea ndio uleule uliokuwa umepiga marufuku souli mwezi Novemba 1969. Aidha, bendi za Wakongo zilizoimba kwa Kiswahili na Kilingala zilihamia huko moja baada ya nyingine: Baba Gaston na Super Mazembe walimaliza safari zao Nairobi, Maquis du Zaïre Dar es Salaam, na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Wengi wao walitoka Katanga, Maniema na Kivu, yaani Kongo ya Kiswahili. Kinshasa haikuwapa nafasi kubwa. Waliipata mashariki, kisha redio za mashariki zikawarudisha ziwani kwa mawimbi.

Katika sanduku la baba yangu, kwa hiyo, hakukuwa na mgongano. Santuri zilizochapwa Kinshasa zililala juu ya zilizochapwa Nairobi. Sikuwahi kumsikia akizitenga kuwa za kwetu na za kigeni. Alizitenga kuwa za kuketi na za kusimama.

6. Kuvuka na kurudi

Mwezi Oktoba 1996 vita vilivyomwondoa Mobutu vilianzia Kivu ya Kusini. Maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi na maboti, na wengi wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huohuo. Vita vya pili vilianza mwaka 1998. Katika siku za mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa 1999 mamia ya raia waliuawa Makobola, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, na waliobaki wakafuata njia ya ziwa.

Mkimbizi huchagua haraka, na santuri haichaguliwi. Ni nzito, huvunjika, na bila gramafoni haina faida. Kaseti ilikuwa na nafuu kidogo, lakini jua la kambini na vumbi vilizimaliza kaseti nyingi. Kilichovuka salama ni kile kilichokuwa mwilini: miluzi, hatua za dansi, namna ya kugonga meza kwa vidole. Huko kambini baba yangu alikuwa akipiga mluzi wa kipande kimoja kifupi cha gitaa akichota maji, kipande kilekile, miaka nenda miaka rudi. Nilidhani amekitunga mwenyewe.

Mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Mji ulipokea waliorudi ambao baadhi yao walikuwa wamezaliwa Tanzania, wakisema Kiswahili cha shule za kambini na wakijua bongo fleva zaidi ya rumba. Wengine hawakurudi. Kuanzia mwaka 2015 mpango mkubwa uliwapeleka wengi wa Nyarugusu Marekani. Watoto wa Fizi sasa wanaishi katika nchi ya Chuck Berry na James Brown, na huko wanausikia muziki huo kama muziki wa wenyeji wao.

Katika miaka hiyohiyo muziki wa zamani ulianza kutolewa upya. Kampuni ya Kijerumani ilitoa mkusanyo wa kazi za Verckys mwaka 2014. Kampuni ya Uingereza ikaitoa tena santuri ya Sunburst mwaka 2016. Nyimbo za Waafrika katika tamasha la Zaire 74 zilitolewa mwaka 2017, miaka 43 baada ya kurekodiwa. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Bila yake tepu nyingi zingeoza. Hata hivyo, lugha inayoizunguka haitoshi. Husemwa kwamba muziki huu ulisahauliwa. Swali la mwanahistoria ni: ulisahauliwa na nani?

Nilikuwa mtu mzima nilipousikia, katika simu ya mwanafunzi mmoja, ule mluzi wa baba. Ulikuwa sebene ya bendi ya Kinshasa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, yenye gitaa la fanki la kukwaruza na ngoma iliyoliangukia pigo la kwanza. Mwanafunzi alinieleza kwa furaha kwamba amegundua kitu kipya. Nilimwambia naye ana haki ya furaha hiyo. Kisha nikampelekea baba simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hii ni ya kusimama." Hakusimama, kwa kuwa magoti yalikuwa yamechoka. Lakini vidole vyake vilikuwa vikigonga meza kabla ngoma haijaingia. Alijua itaingia wapi.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba roki ya awali, souli na fanki zilifika Fizi na Baraka kwa milango miwili, na kwamba kila mlango ulikuwa umekwisha kuzitafsiri kabla hazijafika. Tumeonyesha pia kwamba serikali zilizotaka kuusimamia usikilizaji zilitofautiana juu ya maana ya Uafrika katika muziki huo, ilhali msikilizaji wa ufukoni, aliyesikia pande zote mbili, hakungoja kuamuliwa. Mwisho, tumedai kwamba kinachoitwa ugunduzi upya ni, kwa watu hawa, kurudishiwa.

Jambo moja la kiutendaji linafuata. Historia ya muziki wetu imeandikwa kutokana na santuri: nani alirekodi, wapi, mwaka gani. Njia hiyo huzipendelea Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam, zilizokuwa na studio na mitambo ya kuchapa. Mahali ambapo paliteketezwa mara nyingi kama Fizi hapawezi kuandikiwa historia kwa njia hiyo, kwa kuwa santuri zake ziliteketea pia. Historia yake imo katika wasikilizaji, na wasikilizaji ni wazee. Mwezi Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya Kivu ya Kusini, ilitekwa, na watu wa jimbo hilo wakafunga tena mizigo yao. Idara zetu za Kiswahili zina wanafunzi kutoka pande zote mbili za ziwa. Kila mmoja wao anaweza kumwuliza mzee mmoja ni nyimbo zipi alizozicheza, alizisikia wapi, kwa redio ya nani, na akarekodi jibu katika simu ileile inayomletea muziki huo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, lakini haina muda mrefu wa kungoja.

Ama kuhusu neno tulilolianza nalo, si kazi ya makala kuwabadilishia watu msamiati wao. "Zilipendwa" litaendelea kutumika, nasi tutaendelea kulitumia. Lakini mtu aliyepiga mluzi uleule kambini kwa miaka yote hiyo, bila santuri, bila gramafoni na bila kujua kama atausikia tena, hakuwa katika njeo iliyopita. Kwa lugha ya wazi, nyimbo hizo zinapendwa.